Mawe ya Jumanne

Yeye hakuwahi kupokea "nzuri" ya mtu. Uliingia chumbani kwake ukamkuta ameinamia ungo, ukampa shikamoo yako, akaitikia marahaba, akakuuliza habari, nawe kama mtu yeyote aliyelelewa na adabu ukasema nzuri. Hapo ndipo alipoinua kichwa.

"Hiyo ni nzuri ya barabarani," alisema. "Umeshaingia, umeketi. Sasa nipe ya ndani."

Wengine walicheka. Wengine walitoka na hasira zao wakisema nesi gani huyu asiyejua kusalimiana. Mimi siku yangu ya kwanza nililia, tena kwa sauti, kama aliyefiwa.

Sasa sikilizeni. Baada ya mvua za mwaka jana, kila Jumapili nikimpigia simu, ni huyo huyo aliyenijibu, "Nzuri tu, mama. Nzuri." Halafu kimya. Yeye! Mtu aliyekuwa akipokea simu kwa kelele kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya bonde. Mara ya kwanza nilisingizia mtandao. Mara ya pili nikasingizia uzee. Mara ya tatu niliacha sufuria jikoni, nikakaa juu ya kreti ya soda nje ya kibanda changu hapa Nyakanazi, nikakubali nilichokuwa nakikimbia: Sista anaumwa ugonjwa ule ule alionitibu mimi, na hakuna mtu anayemuuliza ya ndani. Nilichofanya nitakisema. Kwanza mumjue.

Tulimwita Sista, basi. Hakuwa mtawa. Kazaliwa wapi, wa ukoo gani, sijui na sikuuliza, kwa sababu ukikaa naye mwenye kuulizwa ulikuwa wewe. Alikuwa muuguzi wa afya ya akili kwenye kituo kimoja cha afya huko Ngara, upande wa Nyamiaga, na kliniki yake ilikuwa Jumanne. Siku nyingine alifunga vidonda na kupima presha kama wenzake. Mfupi, mwenye sweta la kijani ambalo hakulivua hata jua likiwaka, na mwendo wa mtu anayefukuza kuku. Ulimi wake ulichanganya "l" na "r" kama wengi wetu, kwa hiyo alikuuliza kama "umerara," nawe ukaelewa.

Chumba chake hakikuwa na meza. Walimpa meza, akaisukuma mwenyewe kwenye korido mpaka chumba cha chanjo. "Ukimweka mtu mbele ya meza anaanza kujitetea," alisema. Badala yake palikuwa na benchi refu. Mlikaa bega kwa bega mkitazama dirishani, na magotini mwenu mliweka ungo wa maharage, nusu juu ya mapaja yake, nusu juu ya yako. Mkachambua. Hiyo ndiyo ilikuwa kliniki.

Msishangae. Huku kwetu nani aliwahi kukaa akaeleza uchungu wake huku mikono imelala? Mambo mazito tunayasema tukimenya ndizi, tukipalilia, tukitwanga. Anayekukazia macho usoni na kusema "haya, nieleze" huyo ni polisi, au ni mama mkwe. Sista alilijua hilo. Ukiwa na punje kwenye vidole, neno linatoka lenyewe, na likitoka hakuna anayekutazama. Na yale maharage hayakuwa mchezo. Yalikwenda jikoni, yakapikiwa wagonjwa waliolazwa bila ndugu wa kuwaletea chakula. Uliingia umejiona hufai kitu duniani, ukatoka umemlisha mtu usiyemjua.

Tena aliusoma ungo. Ukiacha mawe mengi alijua hulali. Ukiokota punje moja moja kwa uzito kama unanyanyua tofali, alijua. Ukianza kutupa punje nzuri pamoja na mawe, hapo alisogea karibu zaidi na kukuuliza maswali ya aina nyingine.

Mimi nilitupa nzuri.

Nilifika kwake baada ya kutibiwa malaria mara nne na taifodi mara mbili. Kichwa kilikuwa kinawaka, moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa tu, chakula kama majivu mdomoni. Mama mkwe alisema kuna mkono wa mtu. Mchungaji alisema kuna mlango nimeufungua. Majirani walisema uvivu, na hao ndio walioniumiza zaidi, maana mimi kwa kazi sijawahi kushindwa na mwanamke yeyote Nyamiaga, na asiyeamini aje shambani. Mume wangu, fundi wa matairi, mtu ambaye maneno yake kwa siku hayajazi kikombe, ndiye aliyesema, "Twende Jumanne." Nilijifunga kitenge mpaka puani nisionekane naingia "kwa vichaa." Upuuzi mtupu, kwa sababu kwenye foleni nilimkuta mwalimu wa shule, mke wa mzee wa kanisa, na yule kijana mwenye pikipiki iliyokuwa ikitupigia kelele mtaa mzima. Wote wamejifunga vitenge na makofia. Tukatazamana, tukatazama chini.

Alinisikiliza mpaka nikaisha. Kisha akasema, mikono ikiendelea, "Hii inaitwa sonona. Si wazimu, si uvivu, si laana. Kichwa nacho ni kiungo. Mguu ukiuma unachechemea na watu wanakupa pole. Kichwa kikiuma hivi, unachechemea ndani, na pole hakuna. Basi mimi nakupa. Pole, mama."

Jamani. Ile pole.

Halafu, kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya nyanya: "Umewahi kufikiri ni heri ungekufa?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Wote waliokuwa wakinipenda walikuwa wakilizunguka swali hilo kwa mbali kama shimo la choo. Nilisema ndiyo. Nikangoja apige kelele, aite mchungaji, anikemee. Aliokota jiwe, akaliweka kwenye kopo. "Mara ya mwisho lini? Nyumbani yupo nani? Nani unayempenda awe karibu yako usiku wa leo?" Mchana ule alitembea na mimi mpaka kwangu, akakaa na mume wangu na mama mkwe, akawaambia vitu vya hatari vitolewe nyumbani na nisiachwe peke yangu, na kwamba huyu hajarogwa, anaumwa. Mama mkwe wangu, mwanamke anayebishana hata na redio, alinyamaza. Tangu siku hiyo alilala chumba kimoja na mimi kwa wiki tatu, akikoroma.

Nisimfanye malaika. Sista alikuwa na hasira za karibu. Aligombana na mbuzi wa jirani wa kituo kana kwamba wanamwelewa. Mwandiko wake mfamasia peke yake aliuweza, naye siku nyingine alikuja dirishani kuuliza. Bahasha za dawa alizigeuza ndani nje akazitumia tena, na ukipoteza yako ulisikia maneno. Alituhimiza tusiache dawa, lakini yeye akishikwa na kikohozi alichemsha majani yake kwa siri na kuyanywa kwenye kikombe kilichoandikwa jina la dawa ya maji. Kwenda kwa mganga wa kienyeji hakumkataza mtu. "Nenda," alisema, "lakini Jumanne urudi, na vidonge vyako usiviache njiani." Na maharage, hayo maharage ya maisha yake yote, hakuyala! Alisema yanamjaza tumbo. Mchana alikula ndizi na dagaa, akituacha sisi na ungo.

Na alikuwa mwongo. Nitawaambia.

Ilikuwa tayari mwezi wa tatu wa matibabu, nimeanza kuona rangi za vitu. Nilifika mapema kabla ya foleni, nikazunguka nyuma ya jengo kutafuta maji ya kunawa miguu. Nikamkuta Sista amechuchumaa, kopo la mawe mkononi, yale mawe tuliyoyatoa wiki iliyopita kwa jasho letu, anayamimina kwenye ndoo ya maharage safi na kuyakoroga kwa mkono. Kwa hiyo mawe tuliyokuwa tukiyatoa Jumanne ndiyo yale yale tuliyoyakuta Jumanne iliyofuata! Nilishika kiuno.

"Sista!"

Hakushtuka hata kidogo. "Kimya wewe. Maharage yakiwa safi watu wanaondoka mapema."

"Na kama jiwe likibaki, mgonjwa akavunjika jino?"

"Jikoni yanachambuliwa tena. Unadhani mimi mjinga?" Akanyanyuka, akajipangusa sweta. "Wewe sasa umepata nafuu. Zamani usingeliona jambo hili, wala lisingekuudhi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, na kicheko chenyewe kilinitisha, nikadhani ni cha mtu mwingine.

Nafuu nayo ina ujinga wake. Kuhusu dawa alikuwa ametuambia vizuri: ni kama mbegu, unapanda leo, hutavuna kesho, ngoja wiki mbili, tatu, nne, na ukivuna usichome shamba. Mimi nilichoma. Nilipoona nalala, nakula, nabishana sokoni, nikasema nimepona. Na vidonge vilivyobaki nikavigawa. Wifi yangu alikuwa halali tangu afiwe na mumewe. Akaja akaniomba, "Nipe na mimi vile vya kwako." Sasa huku kwetu jirani akiomba chumvi unamnyima? Akiomba moto, mbegu, jembe? Ukinyima unasemwa mpaka kwenye msiba wako. Nilimhesabia kumi, nikavifunga kwenye kipande cha gazeti, nikajiona mwema kuliko wote.

Wiki chache baadaye nilikuwa tena chini ya blanketi, nimegeukia ukutani. Wifi naye alikuwa anatapika na kutetemeka, anaapa kwamba nimemlisha sumu. Nilikokotwa mpaka kwenye lile benchi. Nilitegemea radi. Sista aliyegombana na mbuzi, kwangu alinyamaza, akachambua, akachambua, mpaka nikatamani anipige. Mwishoni akasema, "Ulimwonea huruma."

"Ndiyo."

"Huruma yako ni nzuri. Lakini chumvi ni ya wote. Hii ni ya kwako tu, imepimwa kwa mwili wako. Wifi yako ukitaka kumsaidia, usimpe kidonge. Mpe benchi. Mlete."

Nikamleta. Tukakaa watatu, ungo katikati, na wifi yangu ambaye tangu mazishi hakumtaja mumewe hata kwa jina, akaanza kutueleza jinsi marehemu alivyokuwa akiimba vibaya akinyoa ndevu. Aliongea mpaka maharage yakaisha, na Sista akatoka nje na ndoo. Mimi peke yangu nilijua ameenda kufanya nini.

Nilimaliza dawa zangu kwa utaratibu, yeye mwenyewe akizipunguza taratibu mpaka akaniambia basi. Baadaye mume wangu alipata mahali pa kuzibia matairi hapa Nyakanazi, malori yanakopishana usiku na mchana, tukahama, nami nikafungua kibanda cha chakula. Sista alistaafu, akahamia Biharamulo, kwenye shamba lake Nyabusozi. Tukabaki na simu za Jumapili. Na niwaambie ukweli, nimemkosa mtu yule kuliko nilivyowakosa wengine waliozikwa. Nachambua maharage kila asubuhi, ndebe na zaidi, na kila asubuhi bega langu la kushoto linajua kwamba hakuna mtu upande ule. Madereva wananiuliza, "Mama, habari?" Nasema nzuri. Wanalipa, wanakwenda. Siku nzima nzuri, nzuri, nzuri, na hakuna hata mmoja anayeinua kichwa. Natamani sauti yake iniulize kama nimerara.

Basi baada ya ile Jumapili ya kreti ya soda niliapa Jumatano nitafunga kibanda, na nilifunga. Nilichukua kilo tatu za maharage ya njano, niliyokwisha kuyachambua mwenyewe, safi, na ungo wangu. Pale Biharamulo kijana wa bodaboda aliutazama ungo, akanitazama mimi. "Mama, na chombo hicho unalipa nauli ya nini? Si ungeruka tu?"

"Usafiri huo ni wa usiku," nikamwambia, "na abiria nawachagua mwenyewe." Akaendesha mpaka Nyabusozi.

Aliniacha kwenye njia ya vumbi jekundu. Shamba la Sista nililiona kwa mbali, nikakaza mwendo, maana kahawa ilikuwa imeivia mtini na kudondoka, na magugu yamefika dirishani. Mtu yule aliyekuwa akifukuza mbuzi! Kabla ya kupiga hodi nilisimama, nikaufungua mfuko wa maharage, nikainama, nikaokota changarawe kiganja kizima. Nikazitia, nikakoroga.

Mdogo wake, anayeishi naye, alinipokea uani. "Yuko ndani. Amechoka tu. Si unajua uzee."

Nilimkuta kwenye kigoda, chumbani, dirisha limefungwa mchana kweupe, sweta la kijani limemkaa kama la mtu mwingine.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Mama Anitha. Habari za Nyakanazi?"

"Nzuri."

Nikangoja. Nilingoja kama nisivyowahi kungoja kitu. Yeye akatikisa kichwa, akasema, "Haya, vizuri." Aliipokea. Aliipokea nzuri yangu ya barabarani kama watu wote.

"Na wewe je?" nikamuuliza.

"Nzuri tu."

"Hiyo ya barabarani, Sista. Nimeshaingia."

Akageuza uso ukutani. Ukuta ule niliujua; mimi mwenyewe niliwahi kuutazama, wa kwangu. Nilifungua dirisha, nikavuta kigoda kingine ubavuni mwake, nikauweka ungo, nusu juu ya mapaja yangu, nusu juu ya yake, nikaanza kuchambua. Muda ukapita. Kuku wakaingia wakatoka. Mikono yake ilikuwa imelala magotini, na mimi moyoni naomba, mkono mmoja tu, Mungu wangu, mkono mmoja.

Ukaamka ule wa kulia. Nadhani hata yeye hakujua. Akaokota jiwe, akaliweka kwenye kiganja cha kushoto. Akaokota la pili. La tatu akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Maharage haya yameshachambuliwa."

"Nani kasema?"

"Hakuna punje iliyotobolewa. Hakuna maganda. Mtu hawezi kutoa mabovu yote akaacha mawe." Akaligeuza geuza. "Na jiwe hili ni la njia yangu mimi, hapo nje."

"Nilifundishwa na mwongo mmoja wa Nyamiaga," nikasema.

Sauti iliyomtoka sikuijua mara moja kama ni kikohozi au kicheko. Kikawa kicheko, kisha kikavunjika katikati, akaanza kulia, na vidole bado vinaokota. Akanipa ya ndani. Kwamba halali. Kwamba chakula anakiona kama cha mtu mwingine. Kwamba simu yangu ikilia anaiogopa, halafu ikinyamaza anatamani ilie tena.

Nikamuuliza lile swali, kwa sauti ya kuulizia bei ya nyanya kama nilivyoweza. Akaokota jiwe.

"Kujiua, hapana. Ila kuna asubuhi naona si lazima kuamka."

"Mdogo wako anajua?"

"Hajui."

"Leo atajua. Na Jumanne tunakwenda kliniki, pale Biharamulo. Nitakuja kukuchukua."

"Siendi." Hasira ile ya zamani ikawaka kidogo, nikafurahi kuiona. "Wale vijana walioko pale, nusu yao nimewafundisha mimi. Nikakae mbele yao nikajieleze? Mimi mtu wa upande wa pili wa meza!"

"Meza ipi, Sista? Si uliitoa mwenyewe?"

Tukachambua mpaka ungo ukawa wa njano tupu na hakukuwa na kitu tena cha kuokota. Nilikung'uta nguo, nikanyoosha mkono niyachukue yale mawe kiganjani mwake nikayatupe nje.

Akafumba kiganja.

"Usiyatupe," akasema. "Jumanne tutayahitaji."